Tezi dume ikishatolewa, mkojo unazuiwa na nini?

Karatasi ya ushauri anayopewa mwanaume anapotoka wodini baada ya upasuaji wa tezi dume, kama anapewa, huwa na sentensi moja tu kuhusu kuvuja mkojo: fanya mazoezi ya kukaza, kaza kama unayezuia hewa au haja kubwa. Mzee anaipokea kwa heshima, anafanya kwa wiki kadhaa, na suruali inaendelea kulowa. Hapo ama anaacha kimya kimya, ama anaanza kuamini kwamba daktari alikata pasipotakiwa kukatwa. Mara nyingi tatizo limo kwenye ile sentensi. Msuli unaozuia haja kubwa upo nyuma. Mkojo wa mwanaume unazuiwa na msuli mwingine ulio mbele yake, na mtu anaweza kuukaza ule wa nyuma kutwa nzima huu wa mbele ukawa umelala.

Kibofu cha mkojo kimekaa nyuma ya mfupa wa kinena. Pale chini kinapofinyana kuwa shingo ndipo tezi dume ilipo, na mrija wa mkojo unapita katikati ya tezi hiyo. Ukishatoka kwenye ncha ya chini ya tezi, mrija unapita kipande kifupi, sentimita moja hadi mbili hivi, kabla ya kuingia kwenye shina la uume lililo juu tu ya msamba na kupinda kwenda mbele. Nyuma ya vyote hivyo, vikitenganishwa na utando tu, upo utumbo wa haja kubwa. Kikumbuke kile kipande kifupi, kwa sababu hapo ndipo kilipo kifungio ambacho mwanaume hubaki nacho tezi ikishaondoka.

Vifungio vya mkojo ni viwili. Cha juu kiko kwenye shingo ya kibofu na kinashuka kidogo ndani ya tezi. Kimeumbwa kwa msuli laini, wa aina ile ile iliyopo kwenye utumbo, kwa hiyo kinafanya kazi bila kuamriwa na huwezi kukikaza kwa hiari hata ujitahidi vipi. Kinabaki kimefunga saa zote isipokuwa unapokojoa, na mwanaume anapofika kileleni kinafunga zaidi ili shahawa zisirudi nyuma kwenye kibofu.

Cha chini ndicho kinachouzunguka mrija kwenye kile kipande kifupi. Hiki kina msuli wa hiari, unaopokea amri kupitia mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Umbo lake si pete kamili. Nyama yake ni nene mbele na pembeni, kisha inapungua kwa nyuma, ambako imejishikiza kwenye tishu ngumu iliyo kati ya mrija na utumbo wa haja kubwa. Kinapokaza, hakibani mrija kutoka pande zote kwa usawa. Kinauvuta mrija kurudi nyuma na kuugandamiza kwenye tishu ile. Nyuzi zake nyingi ni za kukaza polepole, zile zinazoweza kushikilia nguvu ndogo kwa saa nyingi bila kuchoka. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya anazunguka sokoni asubuhi nzima na kibofu chake hakimshughulishi.

Vifungio hivi haviko peke yake. Chini ya nyonga imetandazwa misuli inayobeba viungo vyote vya ndani, ndiyo inayoitwa sakafu ya nyonga. Kwa habari yetu miwili inatosha. Wa kwanza unatoka kwenye mfupa wa kinena, unazunguka nyuma ya utumbo wa haja kubwa na kurudi kinena upande wa pili. Ukikaza, unauvuta utumbo mbele na kuinua eneo la shingo ya kibofu. Wa pili umelifunika shina la uume, na ndio unaosukuma matone ya mwisho ya mkojo nje. Kuzuia mkojo ni kazi ya pamoja ya misuli hii miwili na kifungio cha chini, kila mmoja ukivuta upande wake.

Operesheni mbili zinazoitwa jina moja

Mtaani watu wanasema "kafanyiwa operesheni ya tezi dume" na wanamaliza. Hapo ndipo mkanganyiko mkubwa unapoingia, kwa sababu operesheni ziko mbili na zinaacha vitu tofauti mwilini.

Ya kwanza ni ya tezi iliyotanuka kwa umri, isiyo na saratani. Daktari anapita kwenye njia ya mkojo na kukwangua nyama iliyoziba, au, tezi ikiwa kubwa sana, anapasua chini ya kitovu na kuitoa nyama hiyo kwa mkono. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki njia hii ya kupasua bado ni ya kawaida, kwa kuwa wanaume wengi hufika tezi ikiwa imeshakuwa kubwa na wengine wakiwa na mpira wa mkojo kwa miezi. Kwa njia yoyote kati ya hizo, inayotolewa ni nyama ya ndani. Ganda la tezi linabaki, na ncha ya chini, pale inapokutana na kifungio cha chini, daktari huichunga asiiguse.

Ya pili ni ya saratani. Hapa tezi yote inatoka, na ganda lake, na vifuko vya shahawa vilivyo nyuma yake, na sehemu ya mrija iliyokuwa imepita ndani yake. Kisha shingo ya kibofu inavutwa chini na kushonwa moja kwa moja kwenye kile kisiki cha mrija kilichobaki. Mpira wa mkojo huachwa wiki moja hadi mbili ili mshono upone.

Sasa angalia kinachotokea baada ya operesheni ya kwanza. Kuikwangua tezi kunaifungua shingo ya kibofu, na kifungio cha juu hakifungi tena kama zamani. Dalili yake wanaume wengi wanaijua na inawatia hofu: wanafika kileleni lakini shahawa hazitoki, zimerudi kwenye kibofu. Lakini wengi wa wanaume hao hao hawavuji mkojo. Wanakohoa, wanabeba ndoo, wanapanda pikipiki, na wako wakavu. Maana yake kifungio cha chini, kikiwa kizima, kinatosha peke yake. Hoja hii ingesemwa wazi wodini ingewapunguzia watu hofu nyingi. Mwanaume aliyetolewa tezi kwa saratani naye amebaki na kifungio hicho hicho kimoja. Swali ni kimebaki katika hali gani.

Kinachoharibika, na kisichoharibika

Chukua mpira wa kumwagilia bustani, uweke juu ya zege na uukanyage: maji yanakatika. Uweke juu ya tope na uukanyage kwa mguu ule ule: unazama, maji yanaendelea. Kifungio cha chini kinahitaji zege lake, ile tishu ngumu ya nyuma, ili mrija ukivutwa ukutane na kitu kisichosogea. Upasuaji wa saratani unalegeza tegemeo hilo, kwa kuwa tando zilizoshikilia tezi kwa nyuma na kano zilizoifunga kwenye kinena kwa mbele hukatwa ili tezi itoke. Msuli unaweza kuwa mzima kabisa na bado mkojo ukapita, kwa sababu unavuta mrija unaoyumba.

Jambo la pili ni urefu. Wanaume hawalingani katika kile kipande kifupi cha mrija. Wapo wenye zaidi ya sentimita mbili na wapo wasiofika moja. Picha ya MRI kabla ya upasuaji inaupima, na tafiti nyingi zimekuta kwamba mwenye kipande kirefu hukauka mapema. Hili halina uhusiano na ujasiri wa mgonjwa wala na jinsi alivyofanya mazoezi. Wazee wawili waliopasuliwa na daktari mmoja wiki moja wanaweza kuachana kwa miezi, na yule aliyechelewa hajafanya kosa lolote.

Kuna mishipa ya fahamu inayovutwa au kupata joto la vifaa, na hiyo hupona taratibu. Kuna uvimbe kwenye mshono. Umri, uzito wa tumbo na mionzi baada ya upasuaji vyote huongeza uzito upande wa kuvuja.

Madaktari wa upasuaji hawakukaa bure. Mpaka miaka ya 1970 kuitoa tezi yenye saratani kulikuwa ni kupapasa ndani ya damu, kwa sababu mishipa mikubwa ya vena imelala juu ya tezi na ikikatwa hakuna kinachoonekana tena. Patrick Walsh, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, alitafuta namna ya kuidhibiti vena hiyo, na mwaka 1982 akafanya upasuaji wa kwanza wa kukwepa kwa makusudi mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume. Sifa yake imebaki kwenye nguvu za kiume, lakini kwa mkojo pia alisaidia: daktari anayeona anapokata anaweza kuiacha ncha ya kifungio cha chini bila kuijeruhi. Baadaye Waitalia wakiongozwa na Francesco Rocco walileta mshono wa kurudisha tegemeo la nyuma kabla ya kuunga mrija, na mwaka 2010 Aldo Bocciardi wa Milan akaeleza njia ya kuifikia tezi kutokea nyuma ya kibofu bila kugusa kano za mbele. Njia hizi husaidia zaidi wiki na miezi ya mwanzo. Baada ya mwaka tofauti hupungua sana.

Kwa takwimu, utafiti mkubwa wa Uingereza unaoitwa ProtecT uliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi kwenye makundi matatu: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa tu. Katika kundi la upasuaji, waliotumia pedi walikuwa asilimia 1 kabla ya matibabu, 46 baada ya miezi sita, na 17 baada ya miaka sita. Kwa hiyo kuvuja mwanzoni ni jambo la kawaida, na kuvuja kwa kudumu ni jambo la wachache, ingawa si wachache wa kupuuzwa. Daktari anayemwambia mgonjwa "hutavuja" anamdanganya, na jirani anayemwambia "utavaa pampasi mpaka kufa" anamdanganya zaidi.

Kwa nini saa kumi jioni

Anayevuja akijichunguza kwa siku chache ataona mpangilio. Usiku amelala, hamna kitu au ni kidogo sana. Asubuhi afadhali. Kuanzia mchana mambo yanaharibika, na saa kumi jioni pedi imejaa. Kisha kuna nyakati zake: kuinuka kwenye kochi, kupiga chafya, kushuka kwenye daladala kabla halijasimama vizuri, kunyanyua mjukuu.

Akilala, uzito wa tumbo haukikandamizi kibofu, na kifungio dhaifu kinatosha. Akisimama, uzito unashuka. Akikohoa, shinikizo linaruka ghafla na kifungio kinapaswa kuwa kimeshakaza kabla kikohozi hakijafika. Mtu mzima ambaye hajapasuliwa hufanya hivyo bila kujua: ubongo unatangulia kukaza, kikohozi kinafuata. Aliyepasuliwa amepoteza utangulizi huo, kwa sababu mrija wake umebadilika urefu na mahali na hesabu ya zamani haifanyi kazi. Jioni, msuli uliozoea kusaidiwa na kifungio cha juu na sasa unabeba mzigo peke yake umeshachoka. Kinachohitajika basi si nguvu tu. Kuna stamina ya kufika jioni, na kuna kuwahi, yaani kukaza kabla na si baada. Kuwahi ndiko watu wengi hawafundishwi.

Kupona nako hufuata njia hiyo hiyo: mtu hukauka kwanza usiku, halafu akiwa amekaa, halafu akitembea, na mwisho kabisa akiinuka au kubeba mzigo. Ukijua hivyo hukati tamaa kwa sababu bado unalowa ukiinuka. Unaangalia kama usiku umeshakuwa mkavu.

Mazoezi ya wanawake yaliyovikwa wanaume

Mazoezi ya sakafu ya nyonga yalitangazwa na Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, mwaka 1948, kwa ajili ya kina mama waliolegea baada ya kujifungua. Yalipohamishiwa kwa wanaume, hakuna aliyeuliza sana kama maumbile ni yale yale. Kwa kuwa mwanaume hana uke wa kupimia nguvu ya msuli, wataalamu walipima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, na maelekezo yakafuata kidole: kaza hapa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Ryan Stafford na Paul Hodges na wenzao, walifanya jambo rahisi ambalo lingefaa kufanywa miaka mingi nyuma. Waliweka kifaa cha ultrasaundi kwenye msamba wa mwanaume na kutazama kila msuli unavyosogea anapopewa agizo tofauti. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba agizo la "kaza njia ya haja kubwa" liliamsha zaidi msuli wa haja kubwa. Agizo lililousogeza mrija zaidi kwa kifungio cha chini lilikuwa "fupisha uume", yaani uvute ndani.

Jaribu mwenyewe, mpira ukiwa umeshatolewa (ukiwa bado umo, usifanye mazoezi haya). Simama mbele ya kioo bila nguo, miguu imeachana kidogo, mikono imelegea. Pumua kawaida. Sasa, bila kuguswa na mkono, uvute uume ndani kuelekea mwilini, na unyanyue korodani kama mtu anayeingia baharini asubuhi maji yakamfika mapajani. Kwenye kioo utaona shina la uume limerudi kidogo na korodani zimepanda. Matako hayakucheza. Tumbo halikutokeza. Hukuziba pumzi. Ukiona matako yamebana au mashavu yamejaa hewa, umechukua misuli mingine. Legeza, anza upya kwa nguvu ndogo. Wengi hukosea kwa kukaza sana. Kifungio hiki ni kidogo, na ukikamua kwa nguvu zako zote misuli mikubwa ya jirani inakidandia.

Ukishaupata, vituo vingi hufundisha kushika hadi sekunde 10 na kulegeza kwa muda kama huo, mara 10 hivi, mara tatu kwa siku, pamoja na mikazo ya haraka ya kukaza na kuachia. Usifanye ukiwa umelala tu. Anayevuja akisimama anajizoeza kwa kusimama. Na kulegeza ni nusu ya zoezi. Msuli unaokazwa siku nzima bila kuachiwa unachoka na unaweza kuleta maumivu ya msamba. Kukata mkojo katikati unapokojoa ni kipimo cha mara moja cha kujua kama umeupata msuli, usikigeuze kuwa mazoezi, kibofu kitajifunza kutojimaliza.

Kisha peleka zoezi kwenye maisha. Kabla ya kuinuka kwenye kiti: vuta, ndipo inuka. Kabla ya chafya: vuta. Kabla ya kunyanyua dumu la maji: vuta, inua huku ukitoa pumzi. Mwanzoni unafikiria kila mara na inachosha. Baada ya wiki kadhaa mwili unatangulia wenyewe. Wanaofundishwa kuanzia wiki chache kabla ya upasuaji wana faida, kwa sababu ni rahisi kuutafuta msuli kabla pale mahali hapajavimba na kuuma.

Tafiti mbili zinazoonekana kupingana

Atakayesoma habari hizi kwa kina atakutana na mgogoro. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Leuven, Ubelgiji: wanaume 102 waliotolewa tezi, nusu wakafundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia mpaka wakauke. Baada ya miezi mitatu, asilimia 88 ya waliofundishwa walikuwa wakavu, dhidi ya 56 ya wenzao. Mwaka 2011 jarida hilo hilo likachapisha utafiti wa Uingereza uitwao MAPS, mkubwa zaidi, na matokeo yakawa baridi: baada ya mwaka mmoja, waliokuwa bado wanavuja walikuwa asilimia 76 kati ya waliofundishwa na 77 kati ya wasiofundishwa. Wapo wanaoishia hapo na kusema mazoezi ni kupoteza muda.

Kwanza, hawakupima kitu kimoja. Wabelgiji walipima uzito wa mkojo kwenye pedi, na aliyevuja chini ya gramu 2 kwa saa 24 alihesabiwa mkavu. Waingereza waliuliza kwa dodoso, na tone lolote lilihesabiwa kuvuja. Mtu mmoja anaweza kuwa mkavu Leuven na mwenye kuvuja London. Pili, takwimu za utafiti mmoja hapo juu ni za miezi mitatu na za mwingine ni za mwaka, na tumeshaona kwamba muda wenyewe huponya wengi. Mazoezi yanaweza kumfikisha mtu mapema bila kubadilisha idadi ya watakaofika. Tatu, na hii ni hoja ya kundi la Hodges ninayoona ina uzito, maelekezo ya miaka hiyo yalielemea nyuma. Ukifundisha msuli usiohusika sana kwa mwaka mzima, usishangae usipoona tofauti. Sidhani suala limefungwa, lakini mazoezi sahihi hayana gharama wala madhara, na miezi mitatu ya kukauka mapema ni kitu kikubwa kwa anayetaka kurudi kazini.

Au kurudi msikitini. Kwa Waislamu wa pwani na bara, swala ndiyo mahali kuvuja kunapouma kuliko kote, na wapo wazee walioacha kwenda kwenye swala ya jamaa kwa sababu hiyo bila kumwambia mtu. Tazama mwili unavyofanya kazi pale: rukuu inakunja tumbo, na kuinuka kutoka sujudi ni kama kuinuka kochini, ila mara nyingi zaidi. Kuvuta kabla ya kuinuka kunasaidia, na kukojoa robo saa kabla ya kutawadha nako kunasaidia. Kwa upande wa fiqhi, madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi huku, yana mlango kwa mtu ambaye mkojo haumkatikii muda wa kutosha kutawadha na kuswali: anajisafisha, anaziba kwa kitambaa au pedi, anatawadha wakati wa swala ukishaingia, anaswali bila kuchelewesha, na kinachotoka baada ya hapo hakiharibu swala yake. Anatawadha upya kwa kila faradhi. Anayevuja mara moja moja tu hali yake ni tofauti, na amwulize sheikh wake bila haya. Suala la mkojo limo katika vitabu tangu zamani.

Si kila kulowa ni kifungio

Kuna anayelowa kwa sababu kibofu chenyewe kimekuwa na haraka. Anasikia mkojo ghafla na kabla hajafika chooni umeshatoka. Hii ni kawaida baada ya kukwanguliwa tezi, kwa kuwa kibofu kilichopigana na kizuizi kwa miaka kimekuwa kikali, na huchukua wiki au miezi kutulia. Kahawa, chai ya rangi nzito na pombe hukichochea. Kupunguza maji hakusaidii. Mkojo mzito unakiwasha kibofu zaidi. Zipo dawa za kukituliza, na daktari ndiye wa kuzitoa.

Kuna anayemaliza kukojoa, anafunga zipu, na matone mawili matatu yanafuata. Huo ni mkojo uliobaki kwenye mkunjo wa mrija. Dawa yake ni vidole viwili nyuma ya korodani, ukisukuma taratibu kuja mbele, kabla ya kufunga suruali.

Na kuna wa kumkimbiza hospitali: anayetiririka matone usiku na mchana bila kukata, tumbo la chini limejaa na linauma, na akienda chooni hakitoki kitu cha maana. Huyu hajalegea. Ameziba, mara nyingine kwa kovu kwenye mshono, na kibofu kimefurika. Mazoezi hayamhusu. Vivyo hivyo mwenye homa na baridi, au mkojo wenye mabonge ya damu. Na kwa hali yoyote usifunge uume kwa rababendi au kamba ili kuzuia mkojo. Damu ikikatika, unaweza kupoteza zaidi ya ulichokuwa unaokoa. Vipo vibanio maalumu vya kazi hiyo, vinavyovaliwa kwa saa chache na kuachiwa mara kwa mara, kwa maelekezo ya mtaalamu.

Kwa asiyekauka baada ya mazoezi ya dhati, uamuzi wa upasuaji mwingine kwa kawaida husubiri miezi sita hadi mwaka. Kwa uvujaji mdogo au wa wastani upo ukanda unaowekwa chini ya mrija kuurudishia tegemeo, ambao unatarajia kifungio kiwe na uhai kidogo. Kwa uvujaji mkubwa kipo kifungio bandia, ambacho daktari F. Brantley Scott alianza kukipandikiza Houston, Marekani, mwaka 1972. Kina sehemu tatu zilizojaa maji: pete inayobana mrija, kifuko kidogo tumboni chini, na pampu ndani ya mfuko wa korodani. Akitaka kukojoa, mwanaume anaibonyeza pampu kwa vidole, maji yanatoka kwenye pete, njia inafunguka; baada ya dakika chache pete inajijaza yenyewe na kufunga. Ni ghali, na huweza kuchakaa au kupata maambukizi, lakini kwa waliovuja sana hakuna kilichokishinda.

Mwenye kifungio hicho awe na kadi inayokitaja, na nyumbani wajue. Akilazwa kwa ajali au malaria kali, jambo la kwanza muuguzi atakalotaka kufanya ni kumwekea mpira wa mkojo, na mpira ukisukumwa kupita kwenye pete iliyofunga unaweza kuuchana mrija. Pete inatakiwa ifunguliwe na kusimamishwa kwanza, halafu mpira uingie.